Miche ya Fina Haikungoja Mwezi

Nimehamisha miche tangu nina miaka sita. Vitunguu, nyanya, biringanya, saladi, na enzi za marehemu baba hata mpunga, tukiwa tumezama matopeni hadi magotini. Katika mashamba yote haya yanayoizunguka Valencia hakuna mtu awezaye kunifundisha mimi, Nelo, namna ya kuutoa mche kitaluni na kuutia pengine ukaendelea kuishi. Nasema haya mapema ili mjue kiburi kilitoka wapi.

Mwaka ule mke wangu Fina alikuwa ameacha kula. Ugonjwa ulianzia kwenye titi ukahamia mifupani, na dawa za hospitali zilipigana na ugonjwa zikapigana na yeye pia. Kila chakula kilimnukia chuma. Mwanamke aliyekuwa akimaliza sahani yake kabla yangu kisha akaanza kuchungulia ya kwangu, sasa alishinda na vijiko vitatu vya supu, na viwili kati ya hivyo vilirudi. Mwezi wa Machi daktari alimwita pembeni binti yetu Neus, akamwambia dawa zimefika mwisho wa uwezo wake na tuhesabu mpaka kiangazi. Neus alinipa habari hiyo jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili mama yake asisikie.

Fina hakuuliza amebakiza muda gani. Alisema anataka kitu kimoja tu. Siku ya San Joan, tarehe ishirini na nne Juni, ambayo ndiyo siku tuliyooana, anataka kuketi mezani ale wali wa tanurini kwa hamu, kama mtu. Wali wetu huo huokwa katika chungu bapa cha udongo, na dengu na viazi na nyanya na soseji, na katikati yake hukaa kitunguu saumu kizima kisichomenywa. Nyumbani kwetu kitunguu saumu hicho kilikuwa cha Fina. Kwa miaka arobaini na sita hakuna aliyethubutu kukigusa. Alikuwa akikifinya punje moja moja juu ya mkate, amefumba macho, na sisi wengine tunangoja amalize ndipo tuendelee na mazungumzo.

"Nataka kitunguu saumu changu, basi," aliniambia. "Mengine yote nimeshakula."

Neus anaishi Zaragoza, safari ya saa tatu na zaidi kwa gari. Huko kazini kwake alikuwa na mwenzake ambaye mumewe alirudishiwa hamu ya kula na bangi iliyolowekwa kwenye mafuta ya zeituni, matone machache tu kwenye mkate. Akaja na kichupa alichokinunua kwa watu wa mjini. Fina alikinusa, akakisukuma mpaka upande wa pili wa meza. Akasema yeye hali kitu asichokijua udongo wake, na kama dawa ni jani, basi jani hilo litoke mikononi mwa Nelo. Nakiri nilifurahi. Mke wangu anakufa, na mimi nilikuwa nimekaa pale nafurahi kwa sababu amenisifu mbele ya mtoto. Kwetu sheria haimsumbui mtu anayeotesha mimea michache nyumbani kwa matumizi yake, mradi isionekane kutoka barabarani, na ua wangu una ukuta mrefu na matete juu ya ukuta.

Jumatatu ya Pasaka Neus akaleta mbegu nne ndani ya kipakiti, na vyungu vitatu vikubwa vyeusi. Akaniketisha kama mwanafunzi. Aliniambia hii si bangi ya zamani, ile iliyokuwa ikingoja siku zifupike ndipo itoe maua. Hii haiangalii jua wala majira. Ina siku zake tu, na siku hizo zikitimia inatoa maua, iwe imekua au haijakua, iwe imeshiba au ina njaa. Siku sitini na tano tangu mbegu iguswe na maji mpaka kukatwa, kisha siku kumi za kukaushwa. Tukapiga hesabu kwa vidole: tukipanda leo, tunaangukia San Joan yenyewe.

"Kwa hiyo baba, sikiliza," akasema. "Ipande moja kwa moja humu kwenye chungu kikubwa, usiihamishe kabisa. Ukiipotezea wiki, haiwezi kuirudisha. Na kama mikono inakuwasha lazima uhamishe, basi kabla ya wiki mbili, pamoja na udongo wake wote, mizizi isijue hata kama imehama."

Nilicheka. Nikamwambia mbegu ndogo kwenye chungu kikubwa huzama kwa maji ikaoza, na kwamba yeye mwenyewe alilala kwenye susu kabla ya kulala kitandani na hakuna kilichomharibikia. Tulibishana mpaka Fina akatuambia tumpumzishe. Mwisho tukakubaliana: nitazianzisha kwenye vikombe vya mtindi, kama nifanyavyo siku zote, na kabla ya wiki mbili nitazihamisha. Niliapa. Tukapanda tatu, na ya nne Fina akaitia kwenye kopo lake la nyuzi na sindano, akiba.

Zikaota vizuri zote tatu. Siku ya kumi kila mche ulikuwa na jozi tatu za majani, na mizizi myeupe ilianza kuchungulia kwenye matundu niliyotoboa chini ya vikombe. Ilikuwa tayari. Hata kipofu angepapasa akajua iko tayari.

Sasa nieleze jambo ambalo sisi watu wa mashamba haya hatulielezi, kwa sababu tumelikuta. Mwezi ukikua, mmea hukimbilia majani. Mwezi ukipungua, hukimbilia mizizi. Kuhamisha mche ni kazi ya mizizi, kwa hiyo unahamisha mwezi ukiwa mzee. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yake alifanya hivyo, na katika maisha yangu yote sijahamisha hata kitunguu kimoja mwezi ukiwa unakua. Siku ile ya kumi nilipotazama, mwezi ulikuwa ndio kwanza umezaliwa. Ili uanze kuzeeka ilibidi ningoje siku kumi na tano.

Nikangoja.

Msidhani sikuwa na mtu wa kuniambia. Batiste, jirani yangu, ambaye tunagawana naye mfereji wa maji, alikuja kuazima jembe akaviona vikombe vimepangwa juu ya ukuta mfupi wa uani. Akaniuliza kwani Neus, aliyemsimulia habari za mbegu siku ile ya Pasaka, si alisema ihamishwe kabla ya wiki mbili. Nikamwambia habari za mwezi. Batiste naye hungoja mwezi kwa vitunguu vyake, kwa hiyo nilitegemea aniunge mkono, lakini alikuna shingo akasema, "Ngojangoja huumiza matumbo, Nelo. Na tumbo lenyewe si lako." Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na jembe langu alirudishe likiwa limeoshwa. Methali tunazo za pande zote mbili, mtu huchota ile inayompendeza.

Nilijiambia mche wenye afya hufidia. Nimeona nyanya ikinuna wiki nzima baada ya kuhamishwa, halafu ikanyanyuka na kuwapita wenzake. Hilo ndilo kosa langu lote na sina jingine la kuongeza: nyanya ina kiangazi kizima mbele yake, inaweza kununa itakavyo. Ile miche ya Fina haikuwa na kiangazi. Niliambiwa hivyo kwa maneno ya wazi na binti yangu mwenyewe, nikayasikia, nikaona ni maneno ya kwenye pakiti.

Siku ya kumi na mbili Neus alipiga simu. Fina alikuwa amekaa mahali pake, kwenye kiti cha dirisha la jikoni, blanketi magotini, uso umeelekea uani. Neus akaniuliza kama nimeshaihamisha. Nikasema, "Jana jioni." Sijui kwa nini nilisema jioni, labda uongo ukiwa na saa yake unaonekana kweli zaidi. Akauliza kama udongo ulitoka mzima, nikasema mzima. Kisha akataka kuzungumza na mama yake, nikampa Fina simu shingo upande, kwa sababu vikombe vitatu vilikuwa mbele ya macho yake, hatua sita kutoka dirishani.

Fina akasema, "Ndiyo, nimemwona. Amefanya vizuri baba yako."

Nilidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa dawa zile. Ndivyo nilivyokuwa.

Mwezi ulijaa tarehe tano Mei. Asubuhi ya tarehe sita nikanawa, nikavaa aproni yangu ya kazi, nikaitoa miche vikombeni. Mizizi ilikuwa imejizungushazungusha hadi imechukua umbo la kikombe, udongo hauonekani. Miche yenyewe ilikuwa na urefu wa shubiri moja, na kwenye vichwa nikaona nywele nyeupe nyembamba. Nilizijua ni nini, Neus alishanionyesha kwenye picha. Yalikuwa maua yanaanza. Mmea wa shubiri moja ulikuwa umeshaanza kuzeeka ndani ya kikombe cha mtindi, na mimi nangoja mwezi.

Hapo mtu mwenye akili angeiachia ilivyo, angeitia kwenye vyungu taratibu na kuomba. Mimi nilifanya kile ambacho mikono yangu imefanya mara laki moja kwa miche ya vitunguu. Nilishika mkasi nikapunguza ncha za mizizi, nikapunguza na ncha za majani, kwa sababu kitunguu ukikipunguza hivyo hushtuka kikashika ardhi kwa nguvu. Sikufikiri hata kidogo. Nilipomaliza nilijiona nimeitendea haki.

Ilinyauka siku hiyohiyo. Nikaiwekea kivuli cha gunia, nikainyunyizia maji asubuhi na jioni, nikaizungumzisha. Mmoja ulikufa baada ya siku tano. Miwili ilisimama siku kumi na moja bila kuongeza hata unene wa ukucha, kisha ikaendelea na kazi yake ya maua ikiwa vilevile na urefu wa shubiri, kama watoto waliovalishwa nguo za harusi. Neus alipokuja mwishoni mwa Mei akaisimamia muda mrefu mikono kiunoni. Nikamwambia ulikuwa upepo wa magharibi, ule wa moto, uliipiga siku mbili mfululizo. Aliniamini, kwa sababu upepo huo upo na hufanya hivyo. Aliniambia si kosa langu. Kisha akaenda kukaa ndani ya gari lake akalia, nami nilimwona kupitia matete nikashindwa kwenda.

Fina wakati huo alikuwa anashinda kitandani. Neus alitaka kumpeleka kwake Zaragoza, karibu na hospitali kubwa. Fina akakataa akisema hajawahi kulala mahali ambapo hasikii maji ya mfereji, na hataanza sasa. Kila asubuhi aliniuliza maua yanaendeleaje. Kila asubuhi nilimwambia yanakuja. Mikono yake ilikuwa imekonda hadi pete ya ndoa akaifunga kwa uzi isimtoke.

San Joan ikafika. Yale maua yalikuwa na ukubwa wa lozi, meupe bado, mabichi, hayafai kitu. Neus alipika wali kwa kufuata maelezo ya mama yake, aliyeelekeza kutoka chumbani kwa sauti ambayo ilibidi niende kuisikiliza mlangoni na kuipeleka jikoni. Tukasogeza meza ndogo kando ya kitanda. Neus akaleta chungu kinachotokota, akachomoa kitunguu saumu kile kutoka katikati, akakiweka kwenye sahani ya mama yake. Fina akakifinya punje moja juu ya mkate kama kawaida yake. Akafumba macho. Akausogeza mkate mpaka mdomoni, ukagusa midomo, na mwili wake wote ukakataa. Neus akawahi beseni.

Baadaye Neus alikuwa jikoni anaosha vyombo, nami nimebaki kitandani namfuta Fina uso kwa kitambaa. Nilitaka kumwambia, na nilikuwa sijui naanzia wapi. Akaanza yeye.

"Ulingoja mwezi," akasema.

Nikaendelea kumfuta paji la uso.

"Nelo, nilikuwa naviona vile vikombe kila siku. Mimi ni binti wa mashambani, sihitaji kuambiwa mche uko tayari lini."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Kwa nini alimdanganya Neus. Angesema neno moja tu ningeihamisha usiku huohuo, ningeihamisha kwa meno. Alipumua kwanza, maana kwa siku zile maneno aliyanunua kwa pumzi.

"Kwa sababu anayengoja mwezi ni mtu anayeamini muda upo," akasema. "Katika nyumba hii wote walikuwa wananihesabia siku. Daktari, Neus, mapadri. Wewe peke yako ulikuwa unaishi kama vile mimi nipo tu. Nikaona nikikuambia uharakishe, na wewe utaanza kuhesabu. Sikutaka uniangalie hivyo."

Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku mama yangu alipozikwa. Akanipiga kofi dogo la shavuni, lisilo na nguvu hata ya kuua mbu.

"Mzee wangu mjinga," akasema. "Na mizizi nayo ukaikata. Nilikuona na mkasi wako. Hapo ndipo nilipotaka kukurushia kiatu."

Alikufa tarehe nne Julai, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi na maji yakipita mferejini, kwa kuwa ilikuwa zamu yetu ya maji. Batiste alikwenda kufungua lango la maji la shamba langu bila kuniuliza, akamwagilia yeye.

Miche ile miwili ilikomaa wiki moja baada ya mazishi. Neus aliikata. Mavuno yote yangeenea kwenye kiberiti. Alikuwa ameyashika kiganjani akisema upepo ule ni upepo mbaya sana, na mimi sikuweza tena kumsikiliza binti yangu akiulaumu upepo. Nikamwambia yote: siku kumi na tano, simu, mkasi. Aliweka vile viua juu ya meza polepole. Hakunitukana. Alichukua mkoba wake akaondoka, na hakunipigia simu mpaka siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, tulipokutana makaburini, kila mmoja na maua yake. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu nilikuwa mimi, na ambaye hakusikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Pale makaburini nilimweleza Neus maneno aliyoniambia mama yake siku ya San Joan. Nilidhani yatamfariji. Akaniuliza, "Na wewe yanakufariji?" Nikamwambia hapana. Akanishika mkono tukatoka pamoja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, nilikuwa natafuta uzi wa kushonea kifungo, nikafungua kopo la Fina. Mbegu ya nne ilikuwa mle, kwenye kipakiti chake, kati ya vifungo. Niliishika mpaka ikapata joto la mkono. Kisha nikajaza udongo kwenye chungu kimoja kikubwa cheusi, nikaitia humo katikati, kina cha ukucha, nikaimwagilia kwa kikombe. Angani sikutazama.

Neus alipopiga simu nikamwambia. Akaniuliza, kwa mazoea tu nadhani, nitauhamisha lini.

"Siuhamishi," nikasema. "Umezaliwa humo humo."

Mmea kama ule sijawahi kuuona. Haukununa hata siku moja. Ulinipita kiuno, ukanipita kifua, na maua yake yalikuwa mazito hadi nikautegemeza kwa tete. Ulikomaa siku ya sitini na tano, nikaukata, nikautundika chumbani kwa Fina dirisha likiwa wazi. Siku kumi baadaye ulikuwa mkavu, vilevile kama tulivyohesabu kwa vidole. Ilikuwa San Joan. Nilipika wali wa tanurini, nikakaa mezani, nikala huku na huku kando ya chungu, nikakiacha kitunguu saumu katikati.